Rimu ya Dimbwini

Nchi ninayoisimulia ilipenda usawa kuliko kitu kingine chochote. Barabara kuu ya mji wake ilinyooshwa sawasawa, hata mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba za watu. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba itafunga baadhi ya shule za msingi mjini, hakuna aliyeogopa. Tulijua zitafungwa kwa usawa.

Sababu ilielezwa vizuri sana redioni. Wataalamu walikuwa wamehesabu madarasa yote ya mji, wakahesabu watoto wote, wakagawanya, wakakuta kwamba kila mtoto ana dawati lake na bado anabakiwa na mahali pa kuweka mkoba. Hiyo ilikuwa hesabu ya mji mzima. Mtaa wa Mwinukoni, ulio juu ya kilima, ulikuwa na shule nyingi hata nyingine watu walishasahau majina yake. Mtaa wa Dimbwini, ulio chini, ng'ambo ya mfereji, ulikuwa na shule moja tu, na humo mtoto aliyekaa nyuma aliandikia mgongoni mwa aliyekaa mbele. Lakini ukiwachanganya na wenzao wa Mwinukoni, kwenye karatasi walikaa kwa raha kabisa.

"Serikali hii haina mtaa wa kambo," alisema Mheshimiwa Kipimo, Waziri wa Usawa, siku ya kutangaza. "Kila mtaa utatoa shule moja. Mwinukoni watatoa moja. Dimbwini watatoa moja. Hatutampunja mtu, hatutambeba mtu."

Watu walipiga makofi. Watu wa Dimbwini walipiga zaidi, kwa sababu hawakuwahi kutajwa pamoja na Mwinukoni kwa pumzi moja.

Mwinukoni walitoa jengo lililokuwa likihifadhi viti vya sherehe. Majonzi yalikuwa makubwa. Wazazi walikuja na maua, na serikali ikaleta mnasihi wa kuwafariji wote waliowahi kupita karibu na jengo lile. Dimbwini walitoa shule yao. Mnasihi hakufika kwao, kwa kuwa gari lake lilikuwa la chini na njia ilikuwa na maji.

*

Kengele ya Shule ya Msingi Dimbwini ilikuwa rimu ya lori. Ilining'inizwa kwa mnyororo mbele ya ofisi ya walimu na ilipigwa kwa kipande cha nondo. Mtaa mzima uliishi kwa rimu hiyo. Ikilia asubuhi, akina mama waliepua uji. Ikilia mchana, mafundi viatu waliweka sindano chini wakala. Wagonjwa walimeza vidonge vyao kwa rimu, na wagomvi waliahirisha ugomvi hadi rimu ya jioni.

Aliyeipiga alikuwa kiranja wa kengele, msichana wa darasa la tano aliyeitwa Sikudhani. Watu walimwita Siku. Umbo lake lilikuwa dogo, ilibidi asimame juu ya tofali ndipo aifikie, lakini alikuwa amegundua jambo ambalo viranja waliomtangulia hawakuligundua. Rimu ukiipiga katikati inakohoa. Ukiipiga pembeni kabisa, kwenye ukingo, inaimba, na wimbo wake unavuka mfereji.

Siku ya kufunga shule, Mwalimu Tumpe, mwalimu wa darasa lake, alimwambia apige ya kurudi nyumbani. Siku alipanda juu ya tofali, akashika nondo, akabaki hivyo.

"Piga, mwanangu," alisema Mwalimu Tumpe.

"Nikipiga tutakuwa tumemaliza, mwalimu?"

"Ndiyo."

"Na nisipopiga?"

Mwalimu Tumpe alikuwa na cheti na uzoefu wa miaka mingi, lakini swali hilo halikuwa kwenye mtaala. Alitazama viatu vyake. "Usipopiga," alisema mwishowe, "mafundi viatu hawatakula."

Siku akapiga.

Kesho yake lilikuja gari kuchukua mali za serikali. Madawati yaliachwa, kwa kuwa yalikatika yaliposhikwa. Ubao uliachwa, kwa kuwa ulikuwa umepakwa ukutani. Ikabaki rimu. Mpakiaji mmoja alipoanza kuufungua mnyororo, alimkuta Siku amesimama pale, amevaa sare, soksi amezivuta hadi magotini.

"Kaka, mnaipeleka wapi?"

"Mwinukoni, mdogo wangu. Itawekwa kwenye bustani ya shule kubwa ya kule. Iwe kumbukumbu ya ndugu zetu wa Dimbwini."

"Wamekufa?"

"Nani?"

"Hao ndugu zenu."

Mpakiaji alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Ni ninyi," alisema.

Siku alifikiri. Akamkabidhi nondo. "Basi waambie wasipige katikati."

*

Sasa watoto wa Dimbwini walikuwa huru, na serikali ililirudia neno hilo mara nyingi. Zamani walilazimika kusoma katika shule moja tu. Sasa wangeweza kuomba nafasi katika shule yoyote mjini. Ila uhuru bila utaratibu ni vurugu, kwa hiyo Mheshimiwa Kipimo alijifungia hotelini na kamati yake hadi utaratibu ukapatikana.

"Tulifikiria ramani," alieleza, "tukaona ramani zinawapendelea wenye anwani. Tukafikiria mitihani, tukaona mitihani inawapendelea waliosoma. Ndipo tukarudi kwa Muumba wetu. Masikio, ndugu wananchi. Kila raia anayo mawili. Tajiri hana la tatu. Kuanzia leo, mtoto ataandikishwa katika shule ambayo kengele yake anaisikia akiwa nyumbani kwao."

Baadhi yetu tulitokwa na machozi. Ilionekana kuwa sheria ya watu wanyofu.

Palikuwa na ugumu mdogo tu. Shule za Mwinukoni hazikuwa na kengele ya kugonga. Wazazi walishalalamika kwamba kelele zinawashtua watoto, kwa hiyo saa ilipofika, kinanda kililia taratibu ndani ya darasa, kiasi cha kumwamsha mwalimu bila kumuudhi. Nje ya ukuta hakikusikika. Lakini shule ilikuwa na desturi ya kutuma mlio huo kwenye simu za wazazi, na Bwana Lukindo, Afisa Usikivu, alipopita Mwinukoni nyumba kwa nyumba na kiti chake cha kukunja, aliisikia kengele sebuleni, akaisikia jikoni, na katika nyumba moja akaisikia bafuni. Sheria haikusema sauti ipite njia gani. Watoto wote wa Mwinukoni walionekana kuwa na masikio bora.

Kisha akashuka Dimbwini.

Mama yake Siku ni mfuaji. Hufua mashuka na mablanketi ya watu wa Mwinukoni. Asubuhi hiyo alikuwa amemsafisha mtoto masikio kwa ncha ya kanga, amezima redio, na amemwomba jirani aache kutwanga kwanza. Bwana Lukindo akakunjua kiti chake mlangoni.

"Mtoto akae kimya," alisema. "Na mama usiheme kwa nguvu."

Walikaa. Nzi alipita.

"Umesikia?"

"Nimesikia cherehani ya fundi," alisema Siku, aliyekuwa amefundishwa kusema kweli.

"Cherehani si shule."

Mama akatoa simu yake ya tochi kwenye pindo la kanga. "Baba, na mimi ninayo hii. Hiyo kengele haiwezi kuingia humu?"

"Inaweza, mama. Inatumwa kwa kila mzazi ambaye mtoto wake ameandikishwa."

"Na mtoto anaandikishwaje?"

"Akiisikia."

Mama alimtazama kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwenzake akumbuke kitu. Bwana Lukindo hakukumbuka kitu. Aliandika *Hasikii*, akashukuru kwa ushirikiano, akahamia mlango wa pili.

*

Alipomaliza mtaa mzima, serikali ilipata mshtuko. Hakuna mtoto hata mmoja wa Dimbwini aliyekuwa anasikia.

Msiseme serikali ile haikuwa na huruma. Mheshimiwa Kipimo alizungumza redioni kwa sauti ya kukatika. Alisema Dimbwini imekumbwa na janga la uziwi ambalo wazazi, kwa bahati mbaya, walilificha. Alisema fedha hazitakuwa kikwazo. Ikajengwa kliniki ya masikio, na kwa kuwa palihitajika jengo lenye vyumba vikubwa na uwanja, wakatumia ile shule. Walipaka rangi. Waliweka madirisha ya vioo, ambayo Mwalimu Tumpe alikuwa akiyaomba tangu alipoajiriwa. Mwalimu Tumpe mwenyewe alipewa kazi ya kuwapanga watoto foleni, na alipowaita majina kila asubuhi, wengine walijisahau wakajibu, "Nipo, mwalimu."

Siku aliketi katika chumba kilekile alichosomea, akamwagiwa maji ya vuguvugu masikioni, akapewa kifaa kidogo cha kuning'iniza nyuma ya sikio. Ukutani, chini ya rangi mpya, jedwali la kuzidisha lilikuwa bado linaonekana kwa mbali. Alilisoma wakati wa kusubiri. Muuguzi alipomwuliza kwa nini midomo yake inacheza, alisema anasali.

*

Huko Mwinukoni, kumbukumbu ya ndugu zetu wa Dimbwini ilikuwa tayari kuzinduliwa. Rimu ilikuwa imepakwa mafuta na kuning'inizwa bustanini kati ya maua ya waridi. Yule mpakiaji alikuwa mtu mwaminifu, alikuwa amefikisha ujumbe, na chini ya rimu palichongwa maneno kwenye jiwe jeupe: USIPIGE KATIKATI. Wageni waliyasoma kwa kutikisa vichwa. Walisema watu wale walikuwa na busara ya kina.

Mheshimiwa Kipimo alipewa nondo. Alilitii jiwe. Akapiga pembeni kabisa.

Huko chini, akina mama waliepua uji ambao haujaiva. Mafundi viatu waliweka sindano chini, ingawa walikuwa wametoka kula. Siku alikuwa kizingitini kwao, anachambua mchele. Ungo ulimdondoka. Aliingia ndani, akatoka na sare, anafunga vifungo huku anakimbia, na alipofika kwenye mfereji alikuta watoto wa mtaa mzima wanavuka maji, viatu mkononi.

Waziri alikuwa katikati ya hotuba, amefika mahali pa kusema jinsi tunavyowakumbuka, walipoingia getini. Hakuna aliyewaongoza. Walijipanga wenyewe kwenye nyasi, darasa kwa darasa, wafupi mbele, kila mmoja amenyoosha mikono akagusa mabega ya aliyemtangulia, kisha wakaishusha. Miguu yao ilikuwa na tope hadi magotini. 

"Hawa ni nani?" aliuliza Mheshimiwa.

Madamu Velonika, mkuu wa shule ile, alisema yeye hawajui.

"Tumesikia," alisema Siku kutoka mstari wa darasa la tano.

"Mmesikia nini?"

"Kengele, Mheshimiwa. Tulikuwa nyumbani."

Bwana Lukindo akaifungua sheria, akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akaonekana kama mtu anayeumwa tumbo.  Nadhani hata waziri, kwa muda mfupi sana, aliwaona. Kisha akakohoa.

"Watoto hawa wamepewa vifaa na serikali," alisema. "Wamesikia kwa msaada. Anayesikia kwa msaada hawezi kulinganishwa na anayesikia kwa juhudi zake."

"Mimi sikukivaa," alisema Siku. Akakitoa mfukoni. "Kinanikwaruza."

"Basi umekataa tiba."

"Lakini nimesikia."

"Ulichosikia, binti yangu," alisema Mheshimiwa Kipimo, na sauti yake ikawa laini kweli, "si kengele ya shule. Kengele ya shule hii ni kinanda. Hii ni kumbukumbu. Wewe umesikia historia."

"Na historia si shule," aliongeza Bwana Lukindo, amepata nafuu.

Wageni wakapiga makofi. Waziri akawaruhusu watoto waende nyumbani. Hawakwenda. Akawaruhusu tena, kwa ukali kidogo. Mstari wa darasa la kwanza ulianza kuyumba, lakini ukabaki.

"Kwa nini hawaondoki?" aliuliza Madamu Velonika.

"Haijapigwa ya kurudi," alisema Siku.

Mheshimiwa Kipimo akachukua nondo haraka, akapiga bila kutazama jiwe. Akapiga katikati. Rimu ikakohoa. Mtoto mmoja wa darasa la pili akacheka, mwenzake akamfinya, na hakuna aliyesogeza mguu. Akapiga tena, ikakohoa tena. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka, na wapiga picha walikuwepo.

"Wewe," alimwambia Siku. "Njoo uwapigie."

Hapakuwa na tofali. Mtu alileta kiti cha sherehe. Siku alipanda, akageuka, akawatazama wenzake wote pamoja na tope lao. Akamtazama Madamu Velonika, kama anayesubiri kuambiwa neno jingine. Madamu alitazama waridi.

Siku akapiga, pembeni kabisa, ikaimba vizuri. Mistari ikageuka, ikatoka getini, wafupi mbele.

*

Sauti hiyo iliwagusa sana watu wa Mwinukoni. Madamu Velonika, ambaye si mtu mbaya, alisema mtoto mwenye kipaji kama hicho hawezi kuachwa hivi hivi. Siku akapewa nafasi katika shule ile. Si ya kusoma. Ya kupiga. Kila asubuhi angeigonga rimu kwa ajili ya urithi, akae stoo, aigonge tena mchana, kisha ashuke kwao. Angepewa chai.

Ili sheria isije ikavunjwa tena kwa bahati mbaya, rimu ilivikwa blanketi. Blanketi la sufu, zito, la kijani, lililokunjwa mara mbili na kufungwa kwa kamba. Ukiipiga hivyo inatoa sauti kama ya mtu anayeweka mzigo chini. Watoto wa Mwinukoni wanaipenda, wanasema haishtui.

Stoo ina dirisha, na dirisha linatazama darasa la tano. Siku amejifunza sehemu na desimali akiwa amekaa juu ya ndoo. Bwana Lukindo aliulizwa kuhusu jambo hilo, akafafanua kwamba sheria inazungumzia kusikia kengele, haizungumzii kusikia masomo.

Mama yake Siku alikata rufaa. Bwana Lukindo, mtu wa kazi, alirudi na kiti chake asubuhi moja.

"Mwanangu anaisikia, baba," alisema mama. "Anaipiga yeye."

"Akiwa wapi?"

"Akiwa kule juu."

"Sheria inasema akiwa nyumbani kwao." Alichungulia ndani. "Saa ya kengele mtoto hayupo nyumbani. Kila siku hayupo. Mimi nitampimaje mtoto mtoro?"

 Mama alikuwa amesimama mlangoni, uso umeelekea kilimani, na mkono ameuinua kidogo kumnyamazisha.

"Nimesikia," alisema.

Bwana Lukindo alitega sikio kwa uaminifu wote. Alisikia cherehani. "Umesikia nini, mama?"

"Mwanangu."

Akaandika: *Mzazi anasikia. Mtoto hayupo.* Akakunja kiti.

Mchana Siku aliporudi, kabla hajavua viatu, aliuliza, "Mama, leo umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na blanketi lile?"

"Hata na blanketi."

Siku alimtazama kwa makini. Yeye ndiye aliyeipiga, alijua sauti ile inaishia wapi. "Nilipiga wapi?" aliuliza. "Katikati au pembeni?"

Mama akainama kukoleza moto.

Mwisho wa wiki, mzigo wa kufua uliteremka kutoka Mwinukoni kama kawaida. Mashuka, vitambaa vya meza, na chini kabisa blanketi la kijani. Mama alilikunjua uani. Katikati lilikuwa safi. Lakini ukingoni, mahali pamoja, palikuwa na alama ya kutu, nyekundu, nene, imepinda kama kucha. Pigo juu ya pigo, wiki nzima, pale pale. Mama alikaa chini na blanketi mapajani, na jirani aliyempita na ndoo hakumsalimia, akaona amwache.

"Ulipiga pembeni," alimwambia Siku aliporudi kutoka kuchota maji. "Kila siku umepiga pembeni."

 Siku alikwenda kukaa karibu naye, ingawa kivuli kilikuwa upande mwingine.

Madamu Velonika amelalamika tangu wakati huo. Blanketi linarudi na doa, na kila wiki doa ni kubwa zaidi. Dimbwini kila mtu anajua kutu inavyotolewa, unakamulia ndimu, unatia chumvi, unaanika juani, na ndimu ziko tele uani kwa kina Siku.

"Halitoki, madamu," anasema mama yake, akiwa ameshika blanketi kwa mikono yote miwili. "Nimejaribu. Halitoki kabisa."